Bariadi: Pamba, Vumbi na Kauntabuku la Picha

Ukitoka Mwanza asubuhi kwa basi, mama mwenzangu, ziwa utakuwa nalo upande wa kushoto kwa muda mrefu kabla halijakuaga. Utapita Kisesa, utavuka Mto Simiyu karibu na Magu, utapita Nyashimo mpaka Lamadi, mahali ambapo abiria hununua samaki wa kukaanga kupitia dirishani huku kondakta akipiga kelele kwamba gari linaondoka. Hapo njia inagawanyika. Inayoendelea mbele inakwenda Bunda na Musoma, na baada ya mwendo mfupi inapita kwenye lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Wageni wenye kamera shingoni hufuata hiyo. Sisi tunakata kulia kuelekea Bariadi, kilomita sabini na kidogo, na ziwa linabaki nyuma.

Baada ya Lamadi mawe makubwa ya kando ya ziwa yanapungua, na mbele yako inatandazika mbuga nyeusi, udongo ule ambao kiangazi hupasuka nyufa za kuingiza mguu na masika hunata kwenye viatu mpaka unatembea kama umevaa mabuti ya askari. Ukipita mwezi wa sita au wa saba utaiona pamba imerundikwa kwenye vituo vya kununulia, nyeupe, na watoto wamelala juu yake ingawa wamekatazwa. Kwa miaka mingi sasa hakuna mkoa unaoufikia huu kwa pamba. Mkoa wenyewe bado ni mchanga. Ulizaliwa mwaka 2012, mwaka mmoja na Geita, Katavi na Njombe. Bariadi, Maswa na Meatu zilitolewa Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu, na Itilima ikatoka ubavuni mwa Bariadi yenyewe. Makao makuu yakawa Bariadi, na mji uliokuwa wa vumbi na mnada ukaanza kupata lami, mabenki na nyumba za wageni zenye vigae.

Wenyeji ni Wasukuma, na wa upande huu hupenda kujitaja kama Wantuzu. Usiwasalimie "Mwangaluka" halafu ukapita zako. Salamu ya hapa ina nyumbani kukoje, watoto wakoje, ng'ombe wakoje, na kila swali hungoja jibu lake. Ukikaribishwa utaletewa matobolwa, yale ya viazi vilivyochemshwa kisha vikakaushwa juani, na karanga. Chai itafuata.

Mimi sikwenda kwa ajili ya wanyama wala pamba. Nilikwenda kwa ajili ya kitu ambacho kila mmoja wetu anacho nyumbani na hakitazami mara kwa mara. Ingia katika sebule ya mtu mzima yeyote wa Bariadi, kisha inua macho. Picha zimetundikwa juu kabisa, karibu na paa, zimeinamishwa mbele kidogo kana kwamba wale waliomo wanawasikiliza mliokaa chini. Juu ya fremu kuna kitambaa kilichofumwa kwa mkono. Bwana amevaa koti lisilomkaa vizuri mabegani. Bibi ameshika ua la plastiki. Nyuma yao kuna pazia lililochorwa ziwa, meli na ndege, vyote pamoja, na meli ni ndogo kuliko ua. Nani alizipiga picha hizi? Na aliyezipiga, nyumbani kwake kumebaki nini?

Leo ukitembea kutoka stendi kuelekea sokoni utaona vibao vingi: picha za pasipoti papo hapo, kutoa kopi, kutuma na kupokea pesa, kuchaji simu. Maduka mengi ya namna hiyo ni ya familia, na ukiuliza vizuri utaambiwa kwamba baba au babu alianza na kamera moja. Biashara hii ilienda na msimu wa pamba. Fedha ya pamba ikitoka, ndipo harusi zinapofungwa na ngoma za mbina zinapopigwa vijijini, na mpiga picha anafunga pazia lake nyuma ya baiskeli na kufuata minada. Mwezi wa kwanza, wakati wa njaa, hakuna mtu wa kupiga picha ila mwanafunzi anayetakiwa kupeleka fomu shuleni.

Mwenyeji wangu alinipeleka kwa mama mmoja mjane, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye marehemu mume wake alikuwa na duka la picha na vifaa vya kamera mjini hapo. Alikubali kuzungumza kwa sharti kwamba jina lake lisiandikwe, maana mambo ya ukoo, alisema, yanabaki ya ukoo. Wote wanamwita Mayu, yaani mama, nami nikamwita hivyo.

Mume wake alijifunza kazi Mwanza, akiwa kijana wa kutumwa katika duka la picha. Aliporudi Bariadi mwanzoni mwa miaka ya 80 alirudi na Yashica ya macho mawili, ile ya kuchungulia kwa juu. Wakati huo bidhaa zilikuwa adimu nchini, sabuni yenyewe mnajua ilivyokuwa, sembuse mkanda wa picha. Nafuu ilianza kuonekana baada ya mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni. Ndipo rafu zake zikaanza kupata mikanda, betri za flashi, albamu zenye karatasi ya kunata, fremu, na siku moja moja kamera ndogo za kuuzia walimu na wauguzi.

Picha za nyeusi na nyeupe walizisafisha wenyewe, usiku, chumbani mwao. Dirisha lilizibwa kwa blanketi. Taa ilikuwa balbu ndogo ya betri ya gari iliyozungushiwa kitambaa chekundu, kwa sababu karatasi ya picha haiogopi mwanga mwekundu kama inavyoogopa mweupe. Mabeseni matatu yalipangwa chini: la kwanza lenye dawa ya kuitoa picha, la pili la kusimamisha, la tatu la kuifunga isifutike. Watoto walilala kitanda hichohicho na walikatazwa kufungua mlango hata kama nyumba inaungua. Baada ya mabeseni yale matatu ndipo kazi ya Mayu ilipoanza, nayo ni maji. Picha isiposuuzwa vizuri, dawa hubaki ndani ya karatasi, na baada ya miaka michache inageuka rangi ya chai.

"Mwanangu, picha inakunywa maji kuliko ng'ombe," aliniambia. "Wao wanasema fundi ni yeye. Lakini ndoo nilibeba mimi."

Picha za rangi zilipoenea walishindwa kuzisafisha nyumbani. Dawa ya mkanda wa rangi inataka joto la nyuzi 38 bila kuzidi wala kupungua, na hilo huliwezi kwa beseni na jiko la mkaa. Kwa hiyo mikanda ikawa inapelekwa Mwanza kwa basi, ikifungwa katika bahasha na kukabidhiwa kwa dereva anayeaminika. Picha zilirudi baada ya siku kadhaa, na mteja alifika dukani kila asubuhi kuuliza. Wakati mwingine jibu lilikuwa lile ambalo kila mama wa umri wangu amewahi kulisikia angalau mara moja: mkanda umeungua. Harusi nzima imekwenda, na bibi harusi hawezi kuvaa tena shela lililoazimwa.

Msidhani safari hiyo ya mkanda ni shida ya Bariadi tu. Mmarekani George Eastman alipoanza kuuza kamera yake ya Kodak mwaka 1888, iliuzwa ikiwa na mkanda wa picha 100 ndani. Mteja akizimaliza aliituma kamera nzima kiwandani Rochester, kwa dola 10, kisha akakaa kungoja irudi na picha zake na mkanda mpya. Kamera yenyewe ilikuwa dola 25. Tangu siku hiyo ya kwanza biashara ya kamera haikutegemea sana kamera. Ilitegemea mkanda, karatasi na dawa, vitu vinavyokwisha na kumrudisha mteja dukani.

Kumbe hata mkanda ukisafishwa na picha kutolewa, kinachobaki ni ile negativu. Hapo ndipo kauntabuku linapoingia.

Mume alikuwa na darasa la nne, Mayu alimaliza la saba. Basi yeye ndiye aliyekaa kaunta, na yeye ndiye aliyebuni utaratibu. Kila mkanda ulipewa namba. Kila negativu ilikatwa vipande, ikaingizwa katika bahasha ya karatasi aliyoikunja na kuigundisha mwenyewe kwa uji wa muhogo, na namba ikaandikwa juu. Katika kauntabuku aliandika jina la mteja, kijiji chake, namba ya mkanda, namba ya picha, alichotanguliza na salio. Ukitaja Nkololo au Dutwa na mwaka uliopiga picha, atakupata. Nilimjaribu kwa kutaja mwalimu ambaye mwenyeji wangu alimfahamu. Alilamba kidole, akafunua, na muda mfupi tu baadaye tulikuwa tumeinua negativu dirishani tukimwona mwalimu yule akiwa kijana, meno meusi, uso mweupe, nywele kama moshi.

Mume alifariki, na baada ya siku za matanga ukoo ukakaa. Kamera zote mbili, ile Yashica na Zenit iliyofuata, nzito kama jiwe la kusagia, zilichukuliwa na shemeji zake. Flashi ikaenda, stendi ya miguu mitatu ikaenda, hata pazia lenye meli na ndege likaenda. Kabati la negativu na makauntabuku yake waliliacha. Hakuna aliyeliuliza. Mmoja alisema ni takataka, afadhali zichomwe ili chumba kipangishwe.

Nitasema kidogo hapa, maana wasomaji wetu wengi wanakaa katika maduka ya waume zao na hawajui wamesimama wapi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya wanandoa. Lakini kesi hiyo ilihusu talaka. Mume akifariki, na mirathi ikafuata mila, tamko la sheria za mila la mwaka 1963 halimjali sana mjane. Linamwachia atunzwe na watoto wake. Wajane wawili wa Kisukuma kutoka Shinyanga, mkoa uleule ambao Bariadi ilikuwa chini yake, walifikisha kilio chao mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo ikawapa haki mwaka 2015. Mayu hakwenda mahakama yoyote. Alibaki na kabati.

Nilipokuwa namsikiliza nilikumbuka duka moja la Unguja ambalo wengi wenu mmelipita bila kujua. Liko Mji Mkongwe, Barabara ya Kenyatta, upande wa Shangani, nalo linaitwa Capital Art Studio. Lilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, Mhindi aliyezaliwa mwaka 1907 na aliyejifunza ufundi kwa A.C. Gomes, familia ya Wagoa waliokuwa wakipiga picha Zanzibar tangu karne ya 19. Maana biashara hii kwetu tangu mwanzo ilikuwa ya familia. Walikuwapo Gomes na wanawe, walikuwapo ndugu Coutinho, na Oza akaja baada yao.

Oza aliwapiga picha masultani na jamaa zao, lakini pia alitoka nje na kamera yake. Alipiga vichochoro, milango ya nakshi, wapanda baiskeli, majahazi, na watu wa mjini wakiwa katika shughuli zao za kila siku. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964. Wahindi wengi wakafunga maduka na kuondoka kisiwani. Familia ya Oza ilibaki. Mwanawe Rohit alishika kazi, na baba akafariki mwaka 1993. Watalii walipoanza kumiminika, walichotaka katika duka lile hakikuwa mkanda wala betri. Walitaka picha za mzee. Negativu zile zilizokaa kwenye maboksi miaka na miaka ndizo zilizopigwa chapa upya, zikatundikwa ukutani na kununuliwa moja moja, na Mji Mkongwe ulipoingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Urithi wa Dunia, hapakuwa na wengi waliokuwa na sura ya mji wa zamani kama alivyokuwa nayo Oza katika kabati lake.

Ninamkumbuka pia Mohamed Amin, yule mpiga picha maarufu, aliyeanzisha kampuni yake ya Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963 kabla ya kuhamia Nairobi. Ndiye aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia mwaka 1984. Alipoteza mkono katika mlipuko wa Addis Ababa mwaka 1991, akafia katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa na kuanguka karibu na Komoro, Novemba 1996. Mwanawe Salim ndiye aliyerithi kampuni, pamoja na maelfu ya picha na mikanda ya baba. Kamera hupitwa na wakati, hata ziwe za bei gani. Hizo za Mohamed Amin za mwaka 1964 leo ni za makumbusho, lakini alichokipiga nazo bado kinatafutwa.

Sasa linganisha na wale mashemeji wa Bariadi. Walibeba kamera mbili. Baada ya miaka michache mkanda wenyewe ulianza kukosekana, na Zenit ikawa kitu cha watoto kuchezea.

Jambo hilo lilitokea kwa haraka kuliko wenye maduka walivyotazamia, ingawa mbegu yake ilipandwa zamani, tena na Kodak wenyewe. Kijana wao mmoja, mhandisi Steven Sasson, aliunda kamera isiyotumia mkanda mwaka 1975. Kampuni haikuiharakisha, kwa sababu fedha yake ilikuwa kwenye mkanda. Januari 2012 Kodak iliomba ulinzi wa mahakama kwa kushindwa kulipa madeni yake. Ni mwaka uleule ulioanzishwa Mkoa wa Simiyu. Mwaka 2018, sherehe za Nane Nane za kitaifa zilipofanyika katika viwanja vya Nyakabindi nje kidogo ya Bariadi, kila mtu alikuwa anapiga picha kwa simu, na wa pazia hakuhitajika tena.

Hata picha za pasipoti, uji wa kila siku wa maduka haya, zimepungua. Uandikishaji wa wapiga kura wa mwaka 2015 ulipiga picha papo hapo kwa mashine, na kitambulisho cha Taifa nacho kinakupiga picha palepale unapoandikishwa. Zimebaki fomu za shule, za ajira, na za mikopo ya vikundi vyetu vya akina mama. Wana wa Mayu wanakaa katika chumba kilekile cha baba. Wanauza simu na vifuko vyake, wanatuma pesa, wanapiga na pasipoti. Wako vizuri, siwezi kusema hawako vizuri. Ila walilitaka kabati litoke, maana linachukua nafasi ya friji ya soda.

Wakati jambo hilo linajadiliwa ndipo watu walipoanza kuja. Hawakuitwa na mtu. Walisikia tu kwamba kwa yule mama picha za zamani bado zipo. Alikuja kijana aliyefiwa na baba akiwa mdogo na hajui sura yake. Alikuja mama anayetaka picha ya ndoa, kwa sababu ndugu wa mume wanadai hakuna ndoa iliyofungwa. Wakaja watoto wa marehemu wanaotaka picha ya kubandika kwenye msalaba wa kaburi. Wakaja hata waliotoka Maswa na Meatu. Kila mmoja anaanza kwa kutaja kijiji na mwaka, na Mayu analamba kidole.

Binti yake wa mwisho, anayesoma, ndiye aliyegundua namna ya kuzitoa bila mtambo. Nilimwangalia akifanya, nami nawapa hapa kwa sababu wengi mnazo negativu katika masanduku na mnafikiri hazina kazi. Anachukua simu moja na kuifanya kioo chake chote kiwe cheupe, mwanga mpaka mwisho. Juu yake anaweka kioo kidogo cha fremu, kimeinuliwa kwa vifuniko vya soda ili vinukta vya simu visionekane, na juu ya kioo anaweka negativu, akiishika kingo tu. Alama ya kidole haitoki. Kwa simu ya pili anaipiga picha kwa karibu chumba kikiwa na giza, kisha anageuza rangi ndani ya simu hiyo, nyeusi iwe nyeupe na nyeupe iwe nyeusi, na uso wa mtu unarudi. Haiwi safi kama ya zamani. Inatosha kwa fremu.

Kuhusu kutunza, Mayu ana maneno machache na makali. Usizifunge kwa mpira, utazigandia. Usitumie mifuko ya nailoni chini ya bati la Bariadi, zitatoka jasho na kushikana. Karatasi kavu, boksi, mbali na jiko na mbali na sakafu, kwa ajili ya mchwa. Albamu za karatasi ya kunata zinaharibu picha taratibu, kwa hiyo toa picha zako humo kabla hazijagoma kutoka. Nyuma ya kila picha andika majina kwa penseli, usitumie kalamu ya wino, nawe uandike majina kamili. "Mama Kulwa" hamtajua ni yupi mkishakufa nyote.

Katika kabati hilo kuna droo ya chini ambayo ndiyo ilinikalisha hapo mpaka jioni. Ni ya picha zilizotolewa na kulipiwa nusu, na wenyewe hawakurudi kuzichukua. Bei ya pamba ilianguka, au walihama, au salio liliwashinda. Kuna watoto wachanga humo ambao sasa wana watoto. Kuna rundo zima la masika ya El Nino, ya 1997 na 1998, mvua zilipokata barabara na mikanda ikakwama Lamadi kwa wiki nyingi; picha zilipofika, wateja walikuwa wameshakata tamaa.

Siku za mnada Mayu huzipanga picha hizo barazani, juu ya kanga iliyotandikwa, kila moja na namba yake nyuma. Wanawe walimwambia azitoe bure. Alikataa. Duka ni duka, alisema, na baba yenu alizinunua karatasi hizo.

Siku niliyokuwapo mama mmoja aliyekuwa amebeba kuku wawili alisimama, akainama, akakaa kimya muda mrefu. Kisha akawaweka kuku chini na kuinua picha ya msichana wa Kipaimara, gauni jeupe, soksi zimevutwa mpaka magotini, nyuma yake meli na ndege. Ilikuwa yake mwenyewe. Mayu akafungua kauntabuku, akateremsha kidole mpaka kwenye mstari. Alitanguliza shilingi mia tatu. Salio mia mbili.

Yule mama akacheka, akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya elfu moja. Mayu akaenda ndani kutafuta chenji.